Barua ya wazi kwa vijana wa kanisa: vunjeni nyoka wenu wa shaba

Wanangu,

Bwana asifiwe. Naandika nikiwa na uchungu, mnivumilie. Juzi nilikwenda kumjulia hali mtoto mwenye homa. Mama yake, binti aliyekulia mikononi mwetu kanisani, aliinua mto akanionyesha picha ya mhubiri wake, pembe zimechakaa kwa kushikwashikwa. "Baba, hii ndiyo inayomlinda." Nikamuuliza kama leo wameomba. Akanyamaza.

Hiyo ni ibada ya sanamu, hata kama aliye pichani anamhubiri Yesu.

Mnadhani sanamu ni vinyago tu. Someni 2 Wafalme 18:4. Yule nyoka wa shaba Mungu mwenyewe alimwagiza Musa amtengeneze jangwani, na walioumwa na nyoka walipomtazama wakapona. Karne nyingi zikapita, Waisraeli bado wanamfukizia uvumba. Mfalme Hezekia wa Yuda hakumhifadhi kwa heshima ya Musa, alimvunja vipandevipande. Kitu ambacho Mungu alikitumia kweli kinaweza kukaa mahali pa Mungu, na ndivyo tulivyofanya na mafuta, maji na vitambaa. Najua mtanijibu kwa leso za Paulo, zile zilizopelekwa kwa wagonjwa wakapona, Matendo 19. Haya, anzeni mstari wa 11: Mungu ndiye aliyefanya miujiza ile kwa mikono ya Paulo. Wala hatusomi popote kwamba Paulo aliziuza!

Fedha, cheo, mchumba, simu isiyotua hata wakati wa sala: hayo mnayajua. Wakolosai 3:5 yatosha: tamaa nayo ni ibada ya sanamu.

Lakini lawama si yenu peke yenu. Kornelio, yule akida wa Kirumi, alipomwangukia Petro miguuni, Petro alimwinua: "Simama, mimi nami ni mwanadamu." Kule Listra, Paulo na Barnaba walirarua mavazi yao watu walipotaka kuwatolea dhabihu kama miungu. Leo wapo wanaopigiwa magoti wakatulia kitini, na jamii nzima inashangilia, wakubwa kwa wadogo. Inaniuma sana, maana wanaoumia ni ninyi, wenye shida za kweli na imani changa.

Mtu akiwaambia kwamba bila yeye maombi yenu hayafiki, ondokeni, hata kama ibada haijaisha. Mpatanishi ni mmoja, Kristo Yesu, 1 Timotheo 2:5. Mkikosa pa kusali, njoni kwangu jioni yoyote, tufungue Biblia tuombe pamoja. Mlango hauna komeo.

Ni mimi babu yenu katika Kristo.