Harambee kwa wenzetu wanaopandwa na homa kila jioni

Ndugu na marafiki,

Ukikutana na mwenzetu saa nne asubuhi utasema ni mzima. Anatembea mwenyewe, anasalimia, anaulizia watoto wako. Mrudie saa moja jioni. Homa imevuka nyuzi 39, meno yanagongana, madoa ya rangi ya waridi yametapakaa kifuani na mapajani, na vidole vimekaza hadi bintiye ndiye anayemfungulia vifungo vya shati. Usiku homa inashuka, madoa yanafutika. Kukicha, nani atamwamini?

Huu ni ugonjwa wa Still wa watu wazima. Daktari George Frederic Still aliueleza kwa watoto mwaka 1897. Watu wazima walisubiri hadi 1971, Eric Bywaters alipoandika habari za wagonjwa 14. Hauambukizi. Kinga ya mwili inawaka pasipo adui, viungo vinavimba na kuuma. Hakuna kipimo kimoja cha kuuthibitisha: feritini, protini inayohifadhi madini ya chuma, hupanda mno katika damu, lakini kwanza daktari aondoe shaka ya maambukizi na saratani. Mwenzetu alizungushwa miezi 14, na kazini akaambiwa anategea. Neno hilo, anasema, lilimuuma kuliko magoti.

Tunao saba kama yeye kwenye kikundi. Wengi wanatumia prednisoloni, vidonge vinavyofanana na homoni ya mwili, ambayo hutuliza homa lakini hujaza uso, hudhoofisha mifupa na hufukuza usingizi. Aliyeitumia muda mrefu haiachi ghafla, kwa sababu tezi zinazotengeneza homoni ya namna hiyo mwilini zimeshalala. Akikatisha anaweza kuzirai, hata kufa. Kwa hiyo mwezi wa kukosa fedha ya dawa si mwezi wa kuambiwa avumilie. Fungu la kwanza la harambee hii ni hilo: vidonge visikatike, kwa yeyote kati ya hao saba.

Wawili vidonge vimewashinda. Daktari bingwa wa baridi yabisi amewaandikia anakinra, sindano ya kila siku inayozuia kemikali mojawapo inayochochea uvimbe. Ni ghali, na hukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, hivyo tunahitaji pia majokofu mawili madogo. Kikibaki kitu, kitakwenda kwenye nauli za kliniki na vipimo vya damu na ini.

Harambee ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu. Ukiwahi kabla, mhazini atapokea mchango wako na kuuandika daftarini mbele yako. Hesabu zote zitasomwa kikaoni, hadi senti ya mwisho.

Na kama mfukoni hamna kitu, tunaomba jioni yako moja. Mgonjwa anahitaji mtu wa kukaa naye tangu homa inapoanza kupanda hadi ishuke, ampe maji, ambadilishie shuka lililolowa jasho, na bintiye apate kufanya kazi zake za shule. Mwandikishe mhazini jina lako na siku utakayoweza.