Salamu za Vesak kwa wafanyabiashara wenzangu wa Lubumbashi

Ndugu zangu, na ninyi mama zetu wa soko la Kenya na Katuba hapa mjini, nawasalimu wote kwa sikukuu.

Mvua zimekwisha, baridi ya asubuhi imeanza, na mwezi mpevu wa mwezi wa tano umetufikia. Ndiyo Vesak, siku ambayo sisi Wabuddha tunakumbuka kuzaliwa kwa Buddha, kupata kwake mwangaza wa kuujua ukweli, na kufariki kwake. Wengi wenu ni Wakristo, na mmeniuliza mara nyingi dini yangu inasema nini juu ya pesa.

Haisemi pesa ni uchafu. Waliomlisha Buddha kwanza baada ya mwangaza walikuwa wafanyabiashara wawili waliokuwa safarini, Tapussa na Bhallika. Na kijana Sigala alifundishwa na Buddha kugawa mapato mafungu manne: moja la kutumia, mawili ya kurudisha kazini, la nne akiba ya siku ya shida. Nusu nzima irudi kwenye biashara! Sisi likelemba, ule mchango wa kupeana kwa zamu, ikimfikia mtu leo, keshokutwa anatafuta mtaji wa kukopa. Kiangazi hiki, barabara ya Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia, ikiwa kavu na mzigo unatembea, nawaomba tujaribu hesabu hiyo.

Kuna pia biashara tano zilizokatazwa: silaha, watu, nyama, vileo na sumu. Mama mnaouza nyama, siwahukumu, naeleza mafundisho yalivyo. Lakini hilo la silaha, kwa nchi yetu, linaniuma sana.

Namheshimu mno Kazuo Inamori wa Japani, aliyeanzisha kampuni ya Kyocera mwaka 1959. Kabla ya kuingia biashara ya simu alijiuliza usiku baada ya usiku kama nia yake ilikuwa safi au ya kujitafutia jina. Mwaka 1997 akawa mtawa wa Zen, tawi moja la dini yetu. Mwaka 2010, akiwa na miaka 78, akapokea uongozi wa Japan Airlines, kampuni ya ndege iliyofilisika, bila mshahara, na 2012 kampuni ikarudi kwenye soko la hisa. Maelfu walipoteza kazi kampuni ilipopangwa upya, na lazima lisemwe. Hata hivyo swali lake la usiku nalibeba kila ninapopanga bei.

Malori yenu yapite mpakani salama, wadeni wenu walipe. Jioni ya sikukuu atakayepita kwangu aingie: kuna bukari (ugali) na sombe (kisamvu) ya kuwatosha wote.