Printa yenu imenikosesha figo

Mhariri,

Sijawahi kuwaandikia, na gazeti lenu nalisoma tangu figo zangu zote mbili zikiwa nzima. Ila ile habari yenu ya figo za kuprinti, yaani zinazotengenezwa na printa kwa seli hai, zinazokuja "hivi karibuni" imenishinda, siwezi kunyamaza.

Mdogo wangu alishakubali kunipa figo moja. Vipimo vikaendana, tukawa tunasubiri tarehe tu. Akaisoma hiyo habari yenu, akanipigia, "Dada, sasa mi nipasuliwe ya nini na wenzetu wanaprinti? Si usubiri kidogo." Kidogo! Mi niko kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, masaa manne manne, nikitoka hapo ni kitanda mpaka kesho yake, na wala simlaumu sana maana nani anapenda kisu, alikuwa anatafuta sababu mkampa. Hizo printa nazifuatilia kuliko nyie. Mwaka 2011 Dr. Anthony Atala kule Marekani alionyesha jukwaani kitu kimetoka kwenye printa kina umbo la figo, magazeti yakaandika ni figo kamili, kumbe umbo tu, halichuji chochote. 2019 watafiti wa Tel Aviv, Israeli, wakaprinti moyo wa seli za binadamu, saizi ya moyo wa sungura, seli zinajikunja sawa lakini kusukuma damu hauwezi. Figo moja ina vichujio kama milioni, kila kimoja na vimishipa vyake vyembamba kuliko unywele, na seli ikikaa mbali na damu inakufa, ndo hapo wamekwama miaka yote hii. Nyie hayo yote mmeyamaliza kwa maneno mawili pale chini kabisa, "utafiti unaendelea".

Na huyo wenu wa ukurasa wa afya, kila wiki "kunywa maji lita mbili", anajua kuna wagonjwa wa figo tunapimiwa maji kwa kikombe? Jirani kaniletea ukurasa kaupigia mstari kwa kalamu nyekundu, eti ona, ungekuwa unakunywa maji usingefika huku.

Msiniombe radhi. Mleteni mwandishi akae pembeni ya mashine masaa manne, simu aiache nje, akitoka aandike tena "hivi karibuni" kama mkono utamruhusu. Au basi mpigieni mdogo wangu mumweleze nyie wenyewe, simu zangu siku hizi hapokei.

Msomaji wenu (bado)