Kwa Nini Qipao ya Harusi Haipanuliwi

Kila msimu wa harusi unapokaribia, malalamiko ni yale yale: mteja hututumia sisi mafundi wa mavazi ya harusi ya Kichina picha ya gauni jekundu aliloliona mtandaoni, hutuuliza kwa nini letu linazidi bei hiyo mara kadhaa, na kabla hatujamjibu ameshaamua kwamba tunamwibia. Bibi harusi mmoja Mswahili, anayeolewa katika familia ya hapa Guangzhou, kusini mwa China, alitueleza hayo kwa maneno makali, nasi tumeona ni afadhali kuandika jibu moja lililo kamili.

Nguo anazoziita mteja "gauni la Kichina" si za aina moja. Qipao, ile yenye kola ya kusimama, vifungo vya vitanzi na mpasuo ubavuni, ilipata umbo lake Shanghai katika miaka ya 1920, baada ya utawala wa kifalme wa Qing kuanguka, na mwaka 1929 serikali ya Jamhuri ya China iliiweka miongoni mwa mavazi rasmi ya wanawake. Mwanzoni ilikuwa pana. Kubana kiuno kulikuja baadaye. Baada ya Wakomunisti kutwaa madaraka mwaka 1949 mafundi wengi wa Shanghai walihamia Hong Kong, na huko wanawake waliendelea kuivaa hata kazini na sokoni hadi miaka ya 1960, wakati huku China bara ilikuwa imeadimika. Qungua, kwa upande wake, ni koti na sketi za harusi za Wakantoni, watu wa jimbo letu la Guangdong, zenye joka na feniksi, ndege wa hekaya, waliotariziwa kwa nyuzi za dhahabu na fedha. Zamani koti lilikuwa jeusi na sketi nyekundu. Siku hizi zote ni nyekundu, rangi ya heri, ilhali nyeupe kwa wazee wengi bado ni rangi ya msiba.

Bei ya qungua hufuata wingi wa tarizi. Katika daraja la chini kitambaa chekundu huonekana waziwazi kati ya maua, na katika daraja la juu kabisa, linaloitwa mfalme wa qungua, hakionekani karibu popote. Kazi hiyo ikifanywa kwa mkono huchukua miezi mingi, na ya daraja la mfalme huweza kupita mwaka. Ile ya bei rahisi mtandaoni imetariziwa kwa mashine, pengine imechapwa tu, na mama mkwe wa Kikantoni huijua kwa kuitazama mara moja. Asiyetaka gharama hiyo tunamshauri akodi, kama wanavyofanya mabibi harusi wengi wa hapa, kwa sababu qungua imekatwa wima na humfaa mtu zaidi ya mmoja.

Qipao haina msamaha huo, na hapa ndipo njia ya mkato inapowagharimu watu. Mteja hununua iliyoshonwa tayari kwa kufuata herufi za saizi, kisha hutuletea tuipanue nyonga. Tunapoifumua tunakuta kitambaa cha ziada kwenye mshono ni chembamba mno, hariri imebaki na matundu ya sindano, na ukanda uliozungushwa kuanzia kolani hadi kwenye mpasuo lazima ung'olewe wote. Mara nyingi kazi hiyo hukaribia bei ya kushona mpya, na bado gauni halipendezi. Mteja mwingine alijipima mwenyewe akiwa amesimama. Alipopiga magoti kuwapa wakwe chai, kama ilivyo desturi ya harusi, mshono ulichanika kutoka kwenye mpasuo hadi pajani, na mawifi wakamfunika kwa shali huku wazee wakiendelea kutoa bahasha nyekundu za pesa. Ndiyo maana sisi hupima mteja akiwa amesimama, ameketi na amepiga magoti, hupima shingo mbele na nyuma, na hatukati hariri kabla ya kumjaribisha gauni la kitambaa hafifu. Wapo wanaoona tunawapotezea muda. Wanaweza kuona hivyo.

Nguo ikishakabidhiwa, dosari nyingi hutokea nyumbani. Nyuzi za dhahabu hazipigwi pasi wala hazifuliwi kwa maji, na marashi huzifanya zififie. Tumewahi kuletewa koti la kukodi ambalo joka lake lilikuwa limeungua pamoja na bawa zima la feniksi aliye pembeni, kwa sababu shangazi fulani alitaka kulinyoosha. Bangili za dhahabu anazovishwa bibi harusi na wakwe nazo hunasa tarizi, hivyo mikono ya koti ikunjwe kidogo kabla ya kuvishwa.

Anayetaka qipao ya kushonwa atufikie miezi mitatu kabla ya harusi, aje na viatu atakavyovaa pamoja na nguo za ndani za siku hiyo, na alipe nusu ya bei kabla hatujakata kitambaa. Nusu hiyo hairudishwi, kwa sababu hariri iliyokatwa kwa kipimo cha mtu mmoja haiuziki kwa mwingine.