Kitabu cha Kichina cha mtoto kikaguliwe kwa sikio

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niwaandikie wazazi wanaotaka watoto wao wajifunze Kichina nyumbani, hasa wazazi ambao wao wenyewe hawajui hata neno moja la lugha hiyo. Wengi huchagua vitabu kwa macho: picha za kuvutia, karatasi inayong'aa, na jalada linaloahidi maneno elfu moja. Mtoto wa darasani akikosea, mwalimu humsahihisha papo hapo. Wa nyumbani hana wa kumsahihisha, na kosa analolirudia kila siku humkaa ulimini. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, jiulize jambo moja tu: mtoto akikosea toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadilisha maana ya neno, ni kitu gani ndani ya seti hii kitakachomfanya agundue?

Mandarini, yaani Kichina sanifu, ina toni nne, pamoja na silabi nyepesi zisizo na toni yake. Silabi ma ikisemwa kwa sauti ya juu iliyonyooka (mā) ni mama. Ikipanda (má) ni katani. Ikizama chini (mǎ) ni farasi. Ikiporomoka kwa ghafla (mà) ni kutukana. Sisi tumezoea mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mtoto atauhamishia mkazo huo kwenye Kichina bila mwenyewe kujua.

Basi rekodi za sauti zikaguliwe kabla ya kurasa. Seti isiyo na sauti irudi rafuni, hata ikiwa nzuri namna gani. Yenye sauti, anza na salamu ya nǐ hǎo, ambayo haikosekani popote. Silabi zote mbili zimeandikwa kwa toni ya tatu, lakini toni ya tatu mbili zikifuatana, ile ya mbele hupanda kama toni ya pili, kwa hiyo Mchina husema ní hǎo. Ukisikia silabi zote mbili zikizama, moja baada ya nyingine, kama mtu anayesoma orodha ya majina, rekodi hiyo haifai kumfundishia mtoto. Kagua pia "siyo", inayoandikwa bù shì na kusemwa bú shì, na "moja" (yī) mbele ya gè, neno la kuhesabia vitu, inayosikika yí gè. Hapo kuna jambo la kuangalia: kitabu kikiandika nǐ hǎo huku sauti ikisema ní hǎo, hakijakosea, ndiyo kanuni ya uandishi. Kwa bù na yī vitabu hutofautiana. Vingine huandika toni ya asili, vingine ile inayosikika. Utaratibu wowote unafaa, mradi kitabu kimoja kisichanganye yote mawili.

Michoro ya toni nayo huleta matatizo. Karibu kila kitabu huchora toni ya tatu kama bonde: sauti inashuka, kisha inapanda. Hivyo ndivyo inavyosikika silabi ikiwa peke yake, au mwisho wa sentensi inapotamkwa kwa utaratibu. Katikati ya maneno mengi hushuka ikabaki chini, basi. Mtoto aliyefundishwa kwa mchoro huipandisha kila mahali, na msikilizaji hudhani anasema toni ya pili. Seti nzuri hufundisha toni kwa jozi za silabi badala ya silabi moja moja. Toni nne mbele, na nyuma yake toni nne pamoja na silabi nyepesi, zinafanya jozi 20. Kwa kuwa tatu-tatu husikika kama mbili-tatu, zinabaki 19 za kuzoeza sikio. Ukiona ukurasa wenye jozi hizo, na kila jozi ina neno halisi lililorekodiwa kwa mwendo wa kawaida, ujue aliyekitunga anaijua kazi yake. Sauti nazo ziwe zaidi ya moja: ya mwanamume, ya mwanamke, ikiwezekana na ya mtoto. Anayezoea sauti moja tu hubabaika akisikia nyingine.

Nyimbo ni nzuri kwa msamiati na furaha, lakini zisihesabiwe kuwa somo la toni, kwa sababu mara nyingi ni mahadhi ya wimbo, si toni ya neno, yanayoamua sauti ipande wapi na ishuke wapi.

Programu za simu zinazodai "kusikiliza matamshi" zipimwe kwa hila ndogo. Neno la mā likitokea, sema mà kwa makusudi. Rudia mara tatu. Ikikupa nyota na kukupigia makofi, hiyo ni mchezo, haisikilizi toni. Kinachofaa zaidi, na ni cha bure, ni kumrekodi mtoto kwa simu, kisha kuicheza sauti yake na ya kitabu moja baada ya nyingine. Hata mzazi asiyejua Kichina anaweza kusikia kwamba moja inapanda na nyingine inashuka.

Sasa pinyin, yaani maandishi ya Kichina kwa herufi za Kilatini, yaliyopitishwa rasmi China mwaka 1958. Kwa msomaji wa Kiswahili huu ni mtego mkubwa, kwa sababu kwetu herufi husomwa ilivyoandikwa. Mtoto ataona shi na kuisoma kama "shi" ya "shika", kumbe irabu ya zhi, chi, shi, ri, zi, ci na si siyo i hata kidogo. Ataona yan na kuisoma kwa a, kumbe husikika karibu na "yen". Ataona qu, xu, ju na yu akatamka u, kumbe hiyo ni ü iliyovuliwa nukta zake. Tena b, d na g za pinyin si zetu: ni p, t na k zisizo na pumzi, na zile zinazoandikwa p, t na k ndizo zenye pumzi. Wanaozungumza lahaja za pwani wanayo tofauti hii tayari: paa la nyumba halina pumzi, paa mnyama anayo, vivyo hivyo kaa la moto na kaa wa baharini. Mwekee mtoto kipande cha karatasi nyepesi mbele ya midomo. Akisema pà karatasi itatikisika. Akisema bà itatulia.

Kwa sababu hiyo, epuka kitabu kinachoeleza matamshi kwa kulinganisha na maneno ya Kiingereza. Mtoto ataitamka q ya Kichina kwa Kiingereza cha kukisia, na makosa yatakuwa ya lugha mbili. Chagua chenye picha na sauti, maelezo machache. Pia acha wiki tatu au nne za mwanzo ziwe za kusikiliza na kusema tu, ndipo pinyin ifunguliwe. Ikitangulia, sikio hulala na jicho hushika kazi.

Usahihi wa pinyin ya kitabu unaweza kuukagua hata kama hujui hanzi (alama za maandishi ya Kichina) hata moja. Tafuta kwenye orodha ya maneno "benki", "muziki" na "kukua". Ziwe yínháng, yīnyuè na zhǎngdà. Kila moja ya maneno haya lina hanzi yenye matamshi mawili, na kompyuta inayoandika pinyin bila mhariri hutoa yínxíng, yīnlè au chángdà. Tafuta na "kijani", lǜsè. Ikiandikwa lù bila nukta mbili, imegeuka neno la "barabara". Halafu tazama alama ya toni ya tatu: ni kona yenye ncha (ǎ), si upinde wa mviringo (ă). Upinde peke yake haumdhuru mtoto, ila unakuambia kwamba hakuna aliyekisoma kitabu kwa makini kabla ya kuchapwa. Ukikuta badala ya pinyin alama ndogo zisizofanana na herufi zozote unazozijua, hiyo ni zhuyin, mfumo wa alama 37 unaotumika Taiwan. Ni mfumo mzuri, lakini mtoto asianzishwe kwa mifumo miwili.

Uamuzi kama huo unahusu hanzi zenyewe. Zilizorahisishwa hutumika China bara, Singapore na Malaysia. Za jadi hutumika Taiwan, Hong Kong na Macau. "Mama" ni 妈 yenye mistari 6 au 媽 yenye mistari 13. Amua upande mmoja, kisha kila kitu kiwe cha upande huo: kitabu, kadi, daftari na programu. Na ukiona rekodi zimetoka Hong Kong, hakikisha ni Mandarini, maana watu wa huko huzungumza zaidi Kikantoni, ambacho kina toni zake na matamshi yake.

Kadi za picha ziwe na hanzi peke yake upande mmoja, picha na pinyin upande wa pili. Pinyin ikiwa juu ya kila hanzi, jicho la mtoto hukimbilia herufi anazozijua, na baada ya miezi sita atasoma kitabu kizima bila kuitambua hanzi hata moja. Kama umeshanunua chenye kasoro hiyo, kata kipande cha karatasi ngumu ufunike mstari wa pinyin, ufunue pale tu anapokwama. Mwandiko wa hanzi uwe kaiti, unaofanana na mkono wa mtu. Songti, mwandiko wa magazeti ya Kichina, una vipembe mwishoni mwa mistari, na mtoto huvichora akidhani ni sehemu ya hanzi.

Kwenye kishikwambi au simu kuna kasoro nyingine isiyoonekana kwa urahisi. Hanzi nyingi za Kichina na za Kijapani zina nambari moja ndani ya kompyuta, na kifaa kikikosa fonti sahihi huonyesha umbo la Kijapani. Pima kwa 直: umbo la Kijapani lina mstari unaoshuka kushoto kisha ukakunjwa kona chini, la Kichina limesimama juu ya mstari mmoja ulionyooka. Ukiona la Kijapani, ingia kwenye mipangilio ya lugha za kifaa, ongeza Kichina, ukiweke juu ya Kijapani.

Daftari la kuandikia liwe na visanduku vilivyogawanywa sehemu nne, viitwavyo tianzige. Kwa anayeanza, kisanduku cha sentimita 1.5 hadi 2 kinatosha. Kikiwa kidogo zaidi, mistari hukanyagana. Kila hanzi ionyeshwe hatua kwa hatua, mstari mmoja ukiongezeka katika kila kisanduku, kwa mpangilio wa juu kabla ya chini, kushoto kabla ya kulia, mlalo kabla ya wima. Kwa 田 (shamba) yanachorwa kwanza maboma ya kushoto, juu na kulia, kisha msalaba wa ndani, na mstari wa chini unafunga mwisho, kama mlango unavyofungwa watu wakishaingia. Visanduku vya kufuatisha nukta visizidi vitatu kwa hanzi moja, vinavyobaki viwe vitupu. Kuna madaftari yenye safu nzima ya nukta; mtoto huyamaliza upesi, mkono umefanya kazi na kichwa hakikuwepo. Wa chini ya miaka mitano asilazimishwe kuandika kabisa.

Kuhusu ngazi zilizoandikwa jaladani, kuwa mwangalifu. Mtihani wa YCT, uliotungwa kwa watoto wasio wenyeji wa lugha, una ngazi nne za maneno 80, 150, 300 na 600, na huo ndio mzani mzuri kwa mtoto. HSK ni mtihani wa wakubwa, tena jina lake lina utata: katika mpangilio wa ngazi sita, HSK 1 ni maneno 150, katika viwango vya ngazi tisa vilivyotolewa mwaka 2021, ngazi ya kwanza ni maneno 500. Uliza ni upi. Vitabu vya darasa la kwanza vya shule za China viepukwe mwanzoni, kwa maana vimeandikwa kwa mtoto ambaye tayari anazungumza Kichina.

Usidanganywe na wingi wa maneno. Chukua neno lolote la somo la pili, ulitafute katika somo la tano na la nane. Lisipotokea tena, kitabu hicho ni orodha, na mtoto atalisahau. Maneno mapya matano hadi manane kwa somo yanatosha. Nayo yawe ndani ya sentensi, kwa sababu Kichina huhesabu vitu kwa vipimo vinavyotegemea aina ya kitu: yì běn shū ni kitabu kimoja, yì zhī māo paka mmoja, yì tiáo yú samaki mmoja. Kadi yenye neno tupu la "paka" humficha mtoto zhī yake. Na hapa watoto wetu wana bahati, kwani aliyezoea kusema kitabu kimoja, paka mmoja na jiwe moja hashangai kusikia kila kitu kikidai neno lake.

Mwisho, usinunue ngazi zote kwa pamoja hata ukipunguziwa bei. Nunua ya kwanza, itumike dakika 15 kila siku kwa miezi miwili, kisha msikilizishe mtoto rekodi za somo ambalo halijafunguliwa. Akiweza kuigiza toni zake bila kutazama ukurasa, nunua inayofuata.

Wako,
Mwalimu wa Kichina