Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Utafiti wa Picha za Tiba kwa Nuru na Wajibu wa Chama Chetu

Ndugu wanachama,

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti aufikishie mkutano mkuu taarifa ya shughuli za chama kwa mwaka unaomalizika. Mambo ya fedha mtasomewa na mweka hazina, na habari za wanachama wapya zimo katika taarifa ya katibu, kwa hiyo sitayarudia. Nitajikita katika mada ambayo kamati tendaji iliiteua kuongoza madarasa yetu ya kila mwezi, yaani utafiti wa kupiga picha za mwili kwa nuru isiyo na mionzi inayodhuru chembe hai. Wako wenzetu waliouliza, na waliuliza kwa haki, kwa nini chama cha wataalamu wa picha za tiba, ambao kutwa tunahangaika na mashine za eksirei na altrasaundi zinazosubiri vipuri, kijishughulishe na maabara zilizo ng'ambo ya bahari. Naomba mnisikilize hadi mwisho ndipo mtoe uamuzi.

Tulichagua kufuatilia kwa karibu kazi ya shule moja ya tiba, ile ya Chuo Kikuu cha Washington kilichopo mjini St. Louis, Marekani. Taasisi yake ya radiolojia, Mallinckrodt, ina historia ndefu katika fani yetu. Mwaka 1924 madaktari wa shule hiyo, Evarts Graham na Warren Cole, walionyesha namna ya kukifanya kibofu cha nyongo kionekane katika eksirei kwa kumpa mgonjwa dawa ya kukitia kivuli, na katika miaka ya 1970 mashine za mwanzo za PET, zinazopiga picha kwa kufuatilia dawa yenye mionzi iliyoingizwa mwilini, zilijengwa hapo hapo. Tulivutiwa zaidi, hata hivyo, na jambo ambalo vitabu vya historia hulipita haraka: katika shule hiyo mwanafizikia, mkemia, mhandisi na daktari wa upasuaji hufanya kazi jirani kiasi kwamba shida ya chumba cha upasuaji humfikia mtu wa maabara ikiwa bado mbichi.

Kabla ya kuingia katika utafiti wenyewe, darasa la kwanza lilitupa msingi, na nitalieleza kidogo kwa ajili ya ambao hawakuwepo. Tulizima taa za ukumbi, mwanachama mmoja akafunika tochi ya simu yake kwa vidole vilivyobanwa, nasi tukaona vidole viking'aa kwa wekundu. Tochi hutoa nuru nyeupe yenye rangi zote, lakini himoglobini ya damu hufyonza sana buluu na kijani, na nyekundu ndiyo inayosalia kutokea upande wa pili. Kisha akachukua rimoti ya televisheni, akaibonyeza mbele ya kamera ya mbele ya simu, na kitone cheupe chenye zambarau kikaonekana kwenye kioo ingawa macho yetu hayakuona kitu chochote kwenye rimoti. Majaribio hayo mawili, yasiyogharimu hata shilingi, yanabeba fani nzima. Kuanzia nanomita 650 hivi hadi 950 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita, na hupima urefu wa mawimbi ya nuru), yaani wekundu wa mwisho na infraredi iliyo karibu nao, damu na maji hupunguza ufyonzaji wao, na nuru inaweza kupenya sentimita kadhaa ndani ya nyama huku ikitawanyika njia nzima. Kamera inayofaa huiona nuru hiyo yote, jicho huona wekundu tu wala haliioni infraredi.

Profesa Samuel Achilefu aliishika nafasi hiyo na kuitumia kwa manufaa ya wagonjwa. Ni mzaliwa wa Nigeria, aliyesomea kemia Ufaransa, akaendelea na utafiti Oxford, na kwa miaka mingi akaiongoza maabara ya radiolojia ya nuru katika shule hiyo ya St. Louis kabla ya kuhamia Texas mwaka 2022. Shida aliyoelezwa na madaktari wa upasuaji inafahamika kwa kila aliyewahi kusimama thieta. Saratani ya titi ikishafunuliwa, tishu yenye ugonjwa na tishu nzima hufanana mno, na daktari hutegemea vidole vyake, uzoefu wake, pamoja na majibu ya patholojia, yaani uchunguzi wa tishu maabara, ambayo hufika baada ya mgonjwa kushonwa. Wakati kazi hiyo inatangazwa, madaktari wa St. Louis walieleza kwamba kati ya asilimia 20 na 25 ya wanawake waliotolewa uvimbe wa titi hurudishwa kwa upasuaji wa pili kwa sababu kingo za kipande kilichotolewa zimekutwa na chembe za saratani.

Timu yake ilitengeneza miwani. Mgonjwa huchomwa dawa inayong'aa katika infraredi, taa maalumu huimulika sehemu iliyofunguliwa, kamera ndogo iliyo katika kifaa cha kichwani huipokea nuru hiyo isiyoonekana, na daktari huiona ikiwa ya buluu juu ya picha ya kawaida ya mikono yake na kisu chake. Hahitaji kugeuza shingo kutazama skrini ukutani. Tarehe 10 Februari 2014 daktari Julie Margenthaler aliivaa kwa mara ya kwanza akimfanyia upasuaji mgonjwa wa saratani ya titi. Katika majaribio ya maabara, uvimbe wenye kipenyo cha milimita 1 tu uliweza kubainika.

Naomba tukae kidogo hapo, kwa sababu liko funzo la kitaaluma ambalo darasa letu lililijadili kwa muda mrefu. Dawa zilizotumika mwanzoni zilikuwa zile ambazo hospitali zilikwisha kuzizoea, mfano wake mkubwa ukiwa indosayanini ya kijani, iliyoidhinishwa Marekani tangu mwaka 1959 na inayotumika kupima ini, moyo na mishipa ya jicho. Dawa hiyo humulikwa kwa takriban nanomita 800 na kurudisha nuru ndefu kidogo kuliko hiyo. Haiichagui saratani, hufuata damu na limfu (majimaji ya mwili yanayopita katika mishipa yake na tezi), na kwa hiyo inafaa sana kuonyesha tezi za limfu za kwanza kupokea majimaji kutoka kwenye uvimbe. Kumpata molekuli anayeshikamana na saratani yenyewe na kukaa humo kwa saa nyingi ni kazi ya miaka, na ndiyo kazi ambayo Achilefu, mkemia kwa mafunzo yake, aliona tangu awali kuwa nusu ya pili ya miwani. Juhudi za namna hiyo za vikundi mbalimbali zimekwishaanza kuzaa matunda: mwaka 2021 Marekani iliidhinisha dawa inayong'arisha saratani ya mfuko wa mayai, na mwaka 2024 ikafuata nyingine kwa ajili ya saratani ya titi.

Kazi ya pili tuliyoisoma ni ya kikundi cha Joseph Culver, katika taasisi ile ile. Wao hupiga picha za ubongo unavyofanya kazi kwa kofia iliyosheheni nyuzi za nuru. Kofia waliyoichapishia matokeo mwaka 2014 ilikuwa na vyanzo 96 vya nuru na vipokeaji 92. Nuru huingia kupitia ngozi na fuvu, hufika takriban sentimita moja ndani ya ubongo, na ile inayorudi hueleza ni wapi damu yenye oksijeni imeongezeka. Kofia hiyo haina sumaku, na kwa sababu hiyo waliweza kuwapima wagonjwa wa Parkinson waliopandikizwa vifaa vya umeme ubongoni, watu ambao MRI, mashine ya picha inayotumia sumaku yenye nguvu, huwa na hatari kwao. Mtoto mchanga aliye mahututi anaweza kupimwa akiwa kitandani mwake. Na kwa vile vifaa vya jamaa ya kofia hii ni vyepesi kubebeka, watafiti wa Uingereza na Gambia walivitumia kupima ubongo wa watoto wachanga katika kijiji cha Keneba, na matokeo yao yakachapishwa mwaka huo huo wa 2014.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niiandike taarifa hii kwa namna hii.

Miwani ya upasuaji humulika nyama iliyokwisha kufunguliwa, kwa hiyo rangi ya ngozi ya mgonjwa haina uzito mkubwa. Kofia ya ubongo na kifaa kidogo tunachomvalisha mgonjwa kidoleni kupima oksijeni ni habari nyingine, maana nuru yao lazima ipite katika ngozi. Melanini, kitu kinachoipa ngozi weusi wake, hufyonza nuru, na huifyonza zaidi kadiri mawimbi yanavyokuwa mafupi. Oksimita, yaani kifaa hicho cha kidoleni, hulinganisha nyekundu ya nanomita 660 na infraredi ya nanomita 940, kisha hutoa namba kwa kurejea vipimo vilivyofanywa kwa watu wa kujitolea. Ikiwa watu hao wengi wao walikuwa weupe, kosa limo ndani ya namba kabla kifaa hakijatoka kiwandani.

Watafiti wa shule ya tiba ya Chuo Kikuu cha Michigan walilithibitisha hilo Desemba 2020. Walichukua wagonjwa ambao kifaa kilisema wana oksijeni ya asilimia 92 hadi 96, wakalinganisha na kipimo cha damu ya ateri kilichochukuliwa karibu wakati ule ule. Kwa wagonjwa weusi, asilimia 11.7 ya vipimo vilionyesha kwamba oksijeni halisi ilikuwa chini ya asilimia 88; kwa wagonjwa weupe ilikuwa asilimia 3.6. Kifaa chenyewe kilibuniwa na Takuo Aoyagi, mhandisi wa Japani, katika miaka ya 1970, na kimeokoa maisha ya watu wasiohesabika. Sitaki mtu atoke hapa akidhani tunakishutumu. Ninachosema ni kwamba kwa karibu nusu karne tofauti hiyo haikupewa uzito uliostahili, na walioibeba ni watu wenye ngozi kama zetu.

Hata mizani tunayotumia kuelezea ngozi ina kasoro. Ile ya Fitzpatrick, iliyoanzia Harvard mwaka 1975, ilikusudiwa kueleza jinsi ngozi nyeupe inavyoungua juani, na ngozi za kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye zikapewa ngazi mbili tu za mwisho. Mchaga, Mmakonde na Mdinka wakikaa pamoja, kila mwenye macho ataona kwamba ngazi mbili haziwatoshi. Kwa upande wa kofia za ubongo kuna pia nywele: nywele nyeusi zenye kusokotana, na mitindo ya kusuka tunayoipenda, huzuia ncha za nyuzi kufika kwenye ngozi, na mshiriki ambaye ishara zake ni hafifu huondolewa katika hesabu za utafiti kimyakimya.

Ndugu wanachama, hapa ndipo jibu la swali la mwanzo lilipo. Katika hospitali zetu nyingi za wilaya hakuna mashine ya kupima gesi za damu, na namba ya kidoleni ndiyo inayoamua nani apate mtungi wa oksijeni. Vifaa vya nuru vinavyobuniwa leo vitafika kwetu kesho, pengine haraka kuliko MRI ilivyofika, kwa kuwa ni vidogo na bei yake inashuka. Tukingoja vifike ndipo tuulize vilipimwa kwa nani, tutakuwa tumechelewa tena. Nchi hii ina vyuo vya tiba Muhimbili, Moshi na Mwanza, ina wagonjwa wa kila rangi ya ngozi ya Kiafrika, na ina ninyi, mnaojua kutofautisha picha nzuri na picha iliyoharibika. Mahitaji ya kwanza ya utafiti wa aina hii hayazidi daftari lililoandikwa kwa uangalifu, idhini ya kamati ya maadili, na mgonjwa anayeelezwa kwa lugha anayoielewa kwamba anaombwa nini.

Kamati tendaji kwa hiyo inaleta mapendekezo mawili. La kwanza ni kwamba wanachama walio katika hospitali zenye mashine ya gesi za damu waombe idhini ya kuweka kumbukumbu za namba ya oksimita pamoja na ya damu ya ateri zilizopimwa kwa wakati mmoja, aina ya kifaa, na rangi ya ngozi iliyopimwa kwa kadi moja ya rangi tutakayokubaliana, bila jina la mgonjwa. La pili ni kwamba chama kiwaandikie wakuu wa vyuo vya tiba kuomba mhandisi wa vifaa tiba na mtaalamu wa picha wawemo katika kila timu inayopewa kifaa kipya cha nuru kwa majaribio, tangu siku ya kufunguliwa sanduku.

Madarasa ya mwaka ujao yataendelea na macho, hasa picha za tabaka za retina kwa wagonjwa wa kisukari, na nawashukuru vijana wa kitengo cha mafunzo waliojitolea kuyaandaa. Rasimu ya fomu ya kumbukumbu imeambatishwa nyuma ya taarifa hii. Naomba kila mmoja aisome kabla ya kura ya mchana, na mwenye marekebisho amkabidhi katibu kwa maandishi.

Mwenyekiti wenu