Ushauri wa kisheria nao upimwe kwa kibaba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalotuumiza wafanyabiashara wadogo wa Mtwara: kukosa ushauri wa kisheria wa bei tunayoimudu kabla ya kusaini mikataba. Wenzetu wa Lindi nao nadhani wanalifahamu vizuri.

Kazi yangu ni kukaanga na kufungasha korosho. Nilianzia jikoni kwangu, biashara ilipokua nikapanga fremu Chikongola. Mwenye fremu alikuja na mkataba wa kurasa mbili, ile inayouzwa stesheneri ikiwa na vitone vya kujaza majina. Ulikuwa mkataba wa nyumba ya kuishi. Palipoandikwa "vyumba" alikata kwa kalamu, akaandika "fremu". Kipengele cha saba kilisema marekebisho yoyote mpangaji atayafanya kwa gharama zake na hatadai chochote. Cha tisa kilisema upande wowote unaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya siku 30. Vyote viwili nilivisoma na nikavielewa, kila kimoja peke yake. Kwamba vikikaa pamoja vinanimaliza, hilo sikuliona. Nikaweka sahihi, balozi wa nyumba kumi akashuhudia, tukapeana mikono.

Chakula cha kuuza madukani lazima kipite TBS, shirika la viwango, na TBS hawapitishi bidhaa inayotoka kwenye chumba kichafu. Basi nikapiga vigae ukuta mzima, nikaweka sinki, nikachimbia bomba la maji machafu, nikavuta umeme kwa mita yangu mwenyewe ya LUKU. Jumla shilingi 2,600,000, fedha za mchezo wa upatu na akiba ya miaka miwili. Mwezi wa tisa nikaletewa notisi. Fremu ilipewa mtu mwingine kwa kodi kubwa zaidi, ikiwa na vigae vyangu.

Nikamfuata mzee mmoja anayeandikia watu barua, niliyeambiwa ni mwanasheria. Alichukua 80,000, akaandika barua yenye maneno makali na jina la mwenye fremu akalikosea. Kumbe ni kishoka. Nilipomfikia wakili wa kweli, muungwana kabisa, aliusoma mkataba mpaka mwisho, akavua miwani, akaniambia, "Dada yangu, ungekuja kabla hujasaini." Kesi angeweza kuifungua, lakini gharama zake zingezidi ninachodai, na ile karatasi ingenisemea vibaya mbele ya hakimu.

Maneno yale ndiyo yaliyonifanya niandike barua hii. Ungekuja kabla hujasaini. Ningekuja wapi, Mhariri, na ningelipa nini? Sokoni kwetu mafuta ya kula tunanunua ya mia tano, sukari robo kilo, mkaa kwa kopo. Muuzaji anajua mteja wake ana kiasi gani mfukoni. Ushauri wa sheria peke yake ndio unaouzwa gunia zima, na hata bei ya gunia huijui mpaka uwe umeshaketi ofisini na kuona aibu kuondoka.

Sisemi kwamba hakuna kinachofanyika. Tunayo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, wapo wasaidizi wa kisheria kwenye kata, na kampeni ya msaada wa kisheria iliyopewa jina la Mama Samia, iliyozinduliwa 2023, imewafuta machozi wengi waliodhulumiwa ardhi na mirathi. Nawashukuru kwa dhati. Lakini sheria ile imewalenga wasio na uwezo, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Mimi nikienda na leseni ya biashara na namba ya mlipakodi nitaonekana ninajiweza. Nikigeuka kwa wakili, sijiwezi. Tuko wengi hapo katikati: mafundi cherehani, wauza vipuri, mama lishe wanaopata zabuni ya kulisha mafundi wa ujenzi, vijana wa bodaboda.

Kijana mmoja jirani yangu alikopa fedha kwa mtu wa "kausha damu", ile mikopo ya mitaani yenye riba ya kuumiza. Hakusainishwa mkataba wa mkopo. Alisainishwa mkataba wa mauziano ya pikipiki yake, tarehe ikaachwa wazi. Alipochelewa wiki mbili, tarehe ikajazwa na pikipiki ikawa imeuzwa. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, biashara ya kukopesha ni ya wenye leseni. Mtu mmoja wa kumwambia hivyo, na kumwambia asisaini karatasi yenye nafasi wazi, angemwokolea chombo chake cha kazi. Ni ushauri wa dakika tano.

Mwaka huu nimepanga fremu nyingine. Safari hii nilimrudia yule wakili kabla ya kusaini, nikamwuliza waziwazi: kunisomea tu mkataba huu ni kiasi gani? Akafikiri kidogo, akasema 50,000. Tulikaa kama nusu saa. Aliongeza sentensi moja, kwamba nikiondolewa kabla ya miaka mitatu nitarudishiwa gharama za marekebisho kwa mujibu wa stakabadhi. Akanieleza kuwa mpangaji wa biashara anatakiwa kukata asilimia 10 ya kodi ya pango na kuipeleka TRA, mamlaka ya mapato, jambo ambalo nisingelifanya ningekuja kudaiwa mimi. Akanikumbusha pia ushuru wa stempu, maana mkataba usiolipiwa haupokelewi mahakamani kama ushahidi mpaka ulipiwe pamoja na faini. Mwenye fremu mpya alisoma ile sentensi, akauliza maswali mawili, akasaini. Hakukasirika. Elfu hamsini kwa milioni mbili na laki sita!

Kwa hiyo naomba hivi. Chama cha mawakili, kupitia wanachama wake waliopo hapa Mtwara na Lindi, wakubaliane bei ya kazi ndogondogo: kusoma mkataba wa pango, kuandika makubaliano ya wabia, kuandika barua ya madai. Bei zibandikwe ukutani kama zilivyo za kinyozi. SIDO, shirika la kuendeleza viwanda vidogo, ina ofisi katika mikoa yote miwili, na wajasiriamali tunaingia na kutoka pale kila wiki kwa mafunzo. Itoe meza moja na siku moja kwa juma, mawakili wapokezane.

Wapo watakaosema kazi hiyo ifanywe na mwanasheria wa halmashauri, kwa kuwa halmashauri ndiyo inayotoa mikopo ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Mimi siafiki. Mikataba ya mikopo hiyo ni ya halmashauri, ushuru wa soko ni wa halmashauri, na vizimba ni vyake. Hawezi kumshauri mtu dhidi ya mwajiri wake, hata awe na moyo mwema namna gani. Kinachoweza kufanywa na halmashauri ni kukubali kikundi kitenge sehemu ndogo ya mkopo kulipia ushauri kabla ya kuanza biashara.

Na mikataba ije kwa Kiswahili. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu, lakini mkataba wa kupeleka bidhaa nilioletewa na mnunuzi mmoja ulikuwa Kiingereza kitupu, kurasa kumi na moja, nikaambiwa niurudishe jioni ileile.

Minada ya korosho hufunguliwa Oktoba. Kuanzia hapo fedha zinaingia mjini, watu wanapanga fremu, wanaungana mitaji, wanasaini. Meza hiyo ikifunguliwa Septemba itatukuta kalamu bado ziko mfukoni. Naomba wahusika wanijibu kupitia ukurasa huuhuu.

Mkaanga korosho,
Chikongola, Mtwara